Mgonjwa Naye Yuko Kwenye Timu

Niko na daftari. Ni lile la kawaida la kurasa 96, kava ya bluu, linanuka mafuta ya chipo kwa sababu linakaa kwenye begi. Ndani kuna tarehe, saa na namba. 4.2. 11.8. 16.3. 3.1. Kando ya kila namba nimeandika kitu: "chapo mbili", "nimekimbilia matatu", "mtihani wa hesabu", "sijui". Hiyo "sijui" iko mingi kuliko zote.

Hizi namba nimeziandika tangu kidato cha pili, mwaka ule nilizimia bwenini na matroni akadhani ni mimba. Haikuwa mimba. Ilikuwa kisukari, ile aina ya kwanza, ambapo kongosho inaacha kutengeneza insulini na wewe unabaki kuifanyia kazi yake kwa sindano mpaka mwisho wa maisha. Nilikuwa na miaka 15.

Mwaka jana nilihamishiwa kliniki mpya. Sitaitaja. Nilishika laini saa kumi na moja asubuhi, nikaingia kwa daktari saa saba mchana. Nikamwekea daftari mezani, nimelifungua kabisa ukurasa wa wiki ile. Akalisukuma kando na kiwiko ili apate nafasi ya kuandika. Akaangalia namba moja tu, ile sista alikuwa amenipima hapo mlangoni, ikawa juu. Akaniuliza, "Wewe msichana, unataka kufa?" Akaongeza insulini ya jioni, akaita anayefuata.

Sasa, kama angefungua lile daftari angeona kitu. Kwa wiki tatu sukari yangu ilikuwa inashuka usiku. Mchana juu, usiku chini. Kuniongezea dawa ya jioni ni kumsukuma mtu ambaye tayari ameegemea ukuta wa balkoni. Usiku huo saa nane mathe alinikuta nimelowa jasho, natetemeka, siwezi kutaja jina langu. Mashine ilisoma 2.4. Akanimiminia soda mdomoni kama unavyomlisha mtoto.

Sina kinyongo sana na huyo daktari. Alikuwa peke yake na laini ilifika geti. Lakini swali lilinikaa: ni lini ilikubalika kwamba mgonjwa naye ana kitu cha kusema? Kuna mahali ilianza? Ndio nikaanza kusoma, na nikagundua historia yenyewe ni tamu kuliko nilivyotarajia, na ina watu wakaidi ajabu.

Tuanze kabla ya insulini. Ukipata kisukari cha utotoni mwaka wa 1919, hukumu ilikuwa moja. Kule Marekani daktari anayeitwa Frederick Allen alikuwa na mbinu iliyokuwa bora zaidi wakati huo, nayo ilikuwa njaa. Unanyimwa chakula mpaka sukari ipotee kwenye mkojo, halafu unapewa kidogo sana, cha kukuweka hai. Msichana mmoja, Elizabeth Hughes, binti ya waziri wa mashauri ya kigeni wa Marekani, aliingia kwenye mpango huo akiwa na miaka 11. Alipofika Toronto, Kanada, Agosti 1922 akiwa karibu kutimiza miaka 15, alikuwa na uzito wa kilo 20 na kitu. Uzito wa mtoto wa chekechea.

Toronto alimpata Frederick Banting, ambaye na wenzake walikuwa wametoa insulini kwenye kongosho za wanyama. Mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alikuwa amedungwa Januari ya mwaka huohuo. Elizabeth akaanza kupona mbele ya macho ya watu. Lakini angalia kitu ambacho watu hawakizungumzii: alijifunza kujidunga mwenyewe. Hapo ndipo kazi ya daktari ilibadilika milele. Kabla ya hapo daktari anakupa dawa, unapona au unakufa, hadithi imeisha. Insulini haikuponyi. Inakuacha hai, halafu inakupa kazi. Elizabeth aliishi mpaka 1981, akajidunga sindano zaidi ya 40,000. Hakuna daktari angeweza kuwa pale mara 40,000.

Daktari wa kwanza kulielewa hilo vizuri alikuwa Elliott Joslin wa Boston. Mwaka wa 1918, kabla hata ya insulini, alikuwa ameshaandika kitabu cha mwongozo kwa ajili ya madaktari na wagonjwa pamoja. Insulini ilipokuja akaanzisha madarasa. Wagonjwa wanakaa kama wanafunzi, wanafundishwa kupima mkojo, kupima chakula, kuchunga miguu. Walimu wakubwa walikuwa manesi, na wengine walitumwa kuishi nyumbani kwa mgonjwa kwa muda. Kwa hivyo ile kitu tunaita timu, daktari na nesi na mtu wa lishe na mgonjwa, ina karibu miaka mia moja.

Lakini Joslin alikuwa na upande wake mwingine. Kwake, sukari nzuri ilikuwa tabia nzuri. Aliwapa medali wagonjwa waliofanikiwa kuishi miaka mingi bila madhara. Sawa, medali ni poa. Shida ni yule aliyekosa medali. Ukifundishwa kila kitu halafu figo ikafeli, kosa ni la nani? Lako. Hulikosi hilo swali kwenye kliniki zetu mpaka leo: "Unataka kufa?" Yule daktari wangu hakulibuni, amelirithi.

Wakati huohuo Uingereza kulikuwa na daktari kijana, Robin Lawrence, ambaye alipata kisukari akiwa ndio anaanza kazi. Alihamia Florence, Italia, akafanye kazi kidogo huko huku akingoja kifo, ili nyumbani wasimwone akififia. Mwaka wa 1923 akapata ujumbe kutoka kwa rafiki yake King's College Hospital, London: insulini imefika, inafanya kazi, rudi haraka. Akaendesha gari akiwa hoi, akavuka Ufaransa mpaka London. Alidungwa Mei 31. Akapona, akawa mtaalamu mkubwa wa kisukari nchini mwake, na majaribio mengi aliyafanya kwa mwili wake. Mwaka wa 1934, yeye na mgonjwa mwenzake H. G. Wells, ndiyo, yule mwandishi wa hadithi za kusafiri kwenye wakati, wakaanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari. Nimependa sana hii: ndani ya chama kimoja walikaa madaktari na wagonjwa, na mwanzilishi alikuwa yote mawili.

Sasa njoo kwa mtu ambaye kwangu ndiye nyota wa hii stori.

Richard Bernstein alipata kisukari mwaka wa 1946 akiwa na miaka 12. Zama hizo unapima mkojo. Unachanganya na dawa, unachemsha, unaangalia rangi: bluu ni safi, kijani inakaribia, rangi ya machungwa umeharibu. Tatizo ni kwamba mkojo unakuambia habari za masaa yaliyopita. Ni kama kutumiwa meseji ya "matatu inakuja" wakati imeshapita. Alipofika umri wa miaka thelathini na kitu mwili ulikuwa umeanza kuchoka, figo zinaonyesha dalili mbaya. Na alikuwa mgonjwa mtiifu, anafanya kila kitu anachoambiwa.

Bernstein hakuwa daktari. Alikuwa injinia. Mwaka wa 1969 akaona tangazo la mashine mpya inayopima sukari kwenye tone la damu. Ilikuwa na uzito wa kama kilo moja na nusu na bei yake dola 650. Ilitengenezewa hospitali, hasa vyumba vya dharura, ili usiku maabara ikiwa imefungwa waweze kujua aliyeletwa amezimia ni mlevi au ni mtu wa kisukari. Mgonjwa hakuruhusiwa kuinunua. Akasema sawa. Mke wake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mashine ikaagizwa kwa jina la mke.

Akaanza kujipima mara tano, sita, nane kwa siku. Kwa macho ya injinia aliona kitu ambacho hakuna daktari wake aliyewahi kukiona: sukari yake ilikuwa inapanda na kushuka kama lifti iliyoharibika, ndani ya siku moja. Akaanza kurekebisha kidogokidogo, chakula hapa, dozi pale, anaandika. Ndiyo. Alikuwa na daftari.

Hali yake ikatulia. Akaandika makala kuhusu alichogundua, akapeleka kwa majarida ya kitabibu. Yakakataa. Nani ataamini injinia anayejitoboa vidole? Wengine waliona hata haina maana mgonjwa kujipima nyumbani. Unajua alifanya nini? Akajiunga na chuo cha udaktari akiwa na miaka 45. Alifuzu mwaka wa 1983. Alikufa mwaka wa 2025 akiwa na miaka 90, akiwa ameishi na kisukari karibu miaka 80. Ushauri wake kuhusu chakula, ule wa kukata wanga karibu wote, wataalamu wengi wanaupinga, na mimi chapo siachi. Lakini kwa hilo la mgonjwa kushika mashine, alikuwa sahihi. Madaktari wa Uingereza walijaribu jambo hilo kwa wagonjwa wao na kufikia 1978 wakachapisha kwamba inawezekana, wagonjwa wanaweza kujipima nyumbani na inasaidia.

Halafu ukaja ushahidi mzito. Kati ya 1983 na 1993, utafiti mkubwa ulifuata watu 1,441 wa Marekani na Kanada. Nusu wakapata matibabu ya kawaida ya wakati huo. Nusu nyingine wakapewa kazi kweli: kujipima mara nne au zaidi kwa siku, sindano tatu au zaidi au pampu, kurekebisha dozi wenyewe, na kuonana kila mwezi na timu ya daktari, nesi, mtu wa lishe na mshauri. Matokeo: ugonjwa wa macho ulipungua kwa asilimia 76, wa figo kwa asilimia 50, wa neva kwa asilimia 60. Sukari ya chini kupita kiasi nayo iliongezeka, karibu mara tatu, siwezi kuficha hilo wakati mathe bado anaweka soda karibu na kitanda. Na si insulini mpya iliyoleta hiyo tofauti. Insulini ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anashika usukani na nani amekaa kando yake.

Miaka ya tisini daktari wa Seattle, Ed Wagner, akaweka haya yote kwenye mpango mmoja ambao sasa unafundishwa kila mahali. Upande mmoja kuna mgonjwa anayejua na anayeshiriki, upande mwingine timu iliyojiandaa kabla mgonjwa hajaingia mlangoni. Afya nzuri inatoka pale wawili hawa wanapokutana. Wakikosekana wa upande mmoja, hakuna kitu. Ukifanya hesabu utamwelewa. Mwaka una masaa 8,760. Mimi nikienda kliniki kila mwezi, na nikibahatika kupata dakika kumi, hayo ni masaa mawili. Masaa 8,758 yaliyobaki daktari ni mimi.

Hapa lazima niseme kitu ambacho kilinikereketa nikisoma. Elizabeth alikuwa binti ya waziri. Wells alikuwa mwandishi tajiri. Bernstein alikuwa na dola 650 na mke daktari. Hii stori ya mgonjwa shujaa ni rahisi kuisimulia kama una doo. Je, Kayole? Pakiti ya karatasi za kupimia ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, mimi huchagua: napima asubuhi au usiku? Kumwambia mtu "wewe uko kwenye timu" bila kumpa vifaa ni kumpeleka uwanjani bila viatu halafu kumlaumu kwa kufungwa.

Kwa hivyo nilitafuta historia ya wagonjwa wasio na pesa, na nikaikuta karibu zaidi. Ilikuwa kwenye ukimwi.

Juni 1983, Denver, Marekani, kikundi cha watu wenye ukimwi kilipanda jukwaani kwenye mkutano wa afya na kusoma madai yao. Walikataa kuitwa waathiriwa. Walitaka kuwa ndani ya kila meza inayojadili maisha yao. Miaka minne baadaye, 1987, hapa jirani Kampala, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa viungo aliyekuwa amempoteza mumewe kwa ukimwi mwaka huohuo, alianzisha TASO pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe wanaishi na virusi. Dawa za kweli hazikuwepo. Walichokuwa nacho ni kutembeleana, kushauriana, kufundishana jinsi ya kumtunza mtu bila kumwogopa. Dawa zilipofika Afrika Mashariki miaka ya 2000, zilikuta watu ambao tayari wanajua kukaa pamoja na kuongea kuhusu ugonjwa. Kenya hii, kina mama wanaoishi na virusi wamekaa kliniki za wajawazito wakiwafundisha wenzao. Mtu wa virusi alipewa mwenzake wa kumshika mkono. Mtu wa kisukari na wa presha alipewa tarehe ya kurudi.

Mpaka Kibera. Hii ndiyo ilinifanya nikae chini niandike. Agosti 2013, kliniki ya Madaktari Wasio na Mipaka pale Kibera ilikuwa imefurika wagonjwa ambao kusema kweli walikuwa sawa, walihitaji tu dawa zao. Wakaunda vikundi. Watu 25 hadi 35 kwa kikundi, wanakutana kila miezi mitatu, nesi anaongoza. Wanapimwa kuhakikisha wako imara, wanazungumza kidogo kuhusu afya, wanachukua dawa, wanaenda zao. Afisa wa kliniki anawaona mara moja kwa mwaka, au mambo yakiharibika.

Na hapa ndipo uzuri ulipo: walichanganya. Mwenye virusi, mwenye presha, mwenye kisukari, wote kwenye kikundi kimoja. Kumbuka aibu ilivyokuwa, na bado iko. Ukionekana umeketi pale, jirani hajui kama umekuja kwa sababu ya virusi au ya chumvi. Ndani ya mwaka mmoja watu 1,432 waliingia kwenye vikundi hivyo, 1,020 wakiwa na virusi na 412 wakiwa na presha au kisukari. Vikundi vilichukua mashauriano 2,208 ambayo vinginevyo yangekuwa kwenye laini ya kliniki. Laini ileile iliyofika geti siku yangu. Mtu asiyehitaji daktari akitoka kwenye laini, anayehitaji anapata dakika. Labda hata dakika ya kufunguliwa daftari.

Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka Kibera mwaka wa 2017 wakaacha kazi mikononi mwa kaunti. Septemba 2023 serikali ikazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na begi lake, na ndani ya begi kuna mashine ya presha na ya sukari. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ikatiwa sahihi, na inazungumzia mitandao ya vituo na timu za wataalamu mbalimbali. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1978 kule Alma-Ata nchi za dunia zilikubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga matibabu yao, na miaka hiyohiyo Daktari Miriam Were alikuwa Kakamega akifanya kazi na wanakijiji kwa njia hiyo. Mhudumu wetu wa mtaa ni mama fulani mcheshi anayeuza pia mboga. Alikuja nyumbani, akampima mathe presha, akaandika kwenye simu. Nikamuuliza, hizo namba zinaenda wapi, na mathe ataambiwa nini? Akacheka, "Mwanangu, mimi natuma tu." Zinapanda juu. Bado sijaona zikishuka.

Kuna wasee wataniambia wagonjwa wengi hawataki hii kazi, wanataka daktari aamue. Ni kweli. Shosho yangu ni mmoja wao, ana presha, na ukimuuliza anasema, "Daktari ndiye alisoma." Sawa. Lakini huyohuyo shosho ndiye aligundua zile tembe za asubuhi zinamfanya akimbie chooni akiwa kwenye matatu, akahamisha kumeza mpaka afike nyumbani, na siku za soko akawa anasahau kabisa. Mwaka mzima anaandikiwa dawa zaidi kwa sababu presha haishuki. Hakuna aliyemuuliza anazimeza saa ngapi. Sista mmoja mwanafunzi ndiye aliyeuliza, akamwita "cucu", akaketi naye kwenye benchi. Wakapanga saa nyingine. Presha ikashuka bila dawa mpya.

Na tafadhali, usiende kubadilisha dozi yako kwa sababu umenisoma hapa. Hata Bernstein alianza kwa kupima, na mimi baada ya usiku ule wa 2.4 nilipiga simu kwa nesi wangu wa zamani kabla ya kugusa kitu. Aliniambia nimsomee daftari. Nilisoma kurasa tatu kwa simu, mathe akiwa ameshika tochi kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Tukarudi kwa dozi ya zamani.

Kliniki yangu ni Alhamisi hii, palepale. Nimebandika karatasi nyekundu kwenye kurasa zote za usiku, na mbele nimeandika kwa kalamu nene mistari minne tu: inashuka lini, mara ngapi, nilikuwa nimekula nini, nataka kuuliza nini. Mathe amesema tunaenda wote. Amesema akilisukuma tena kando, yeye ndiye atalifungua.